Nilivyopata sauti Debian bila kuwaletea programu mpya

Kila niliyemuuliza nitasikikaje Debian, mradi unaotengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, alinipa ushauri uleule: peleka kitu kipya, kikubwa, watakuona. Nikapeleka programu yangu ya kutunza mahesabu ya vikoba, nikaomba mdhamini, yaani mwanachama wa kuipakia kwenye mkusanyiko wao, kwa sababu mgeni hapakii mwenyewe. Kimya. Na wangenijibu kwa lipi? Kule wote wanajitolea. Katiba yao ya 1998 inasema hakuna anayelazimika kufanya kazi, hata kiongozi wa mradi, anayechaguliwa kila mwaka, kura anazo ila amri hana. Sembuse mimi wa Mbagala!

Nikabadili mbinu, na hapa niacheni nijisifu. Toleo jipya la Debian likikaribia, mabadiliko makubwa husimamishwa, na kifurushi (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) chenye hitilafu nzito huondolewa pamoja na vyote vinavyokitegemea. Wenye vifurushi hivyo hawalali. Basi nikawa napekua orodha ya hitilafu, nikisaka kimaktaba kidogo, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingine, kisicho na mwenyewe lakini kimewabeba wakubwa. Nikakipata! Majaribio yake ya kukikagua yalikuwa yanagoma kwa sababu mtu aliandika tarehe fulani ndani ya jaribio, na tarehe yenyewe ilishapita. Dawa yake mistari michache tu. Nikatuma kiraka, yaani hayo marekebisho ya msimbo, nikaeleza kwa adabu, na kwa makusudi kabisa nikawataja wote ambao vifurushi vyao vingeng'oka nacho. Weee! Waliokuwa hawajibu wakaanza kunisalimia kwa jina. Mmoja akanidhamini papo hapo, na msimu uliofuata akawa ananiuliza yeye, "Hiki tukifanyeje?"

Wasomeeni wenzenu viraka vyao kabla ya kuomba vyenu visomwe. Na mshukuruni mtu hadharani, mkosoeni pembeni.

Kilichonitoa jasho ni saini. Ili uwe mwanachama, ufunguo wako wa kidijiti, unaothibitisha kuwa kazi ni yako, sharti usainiwe na mwanachama kamili, na desturi ni kuonana ana kwa ana. Nikajichanga nauli, hela ya kununua bodaboda iliyotumika, nikafunga safari ya DebConf 2023, mkutano wa wana-Debian, kule Kochi, India. Pasipoti mkono huu, mkono ule vikaratasi vyenye herufi na tarakimu 40 za kutambulisha ufunguo wangu. Mzee mmoja alizihakiki moja moja huku tunakunywa chai, tukaishia kuongelea wajukuu zake.

Kwenye timu yetu hakuna aliyeniteua kitu. Lakini juzi wawili walizozana kuhusu jina la kifurushi, mwishowe mmoja akaandika: tumsubiri wa Dar aamke.