Mzigo mmoja, majina matano: Kiingereza cha biashara kwa mfanyabiashara wa Kigoma

Chukua neno "mzigo". Hapa Kigoma linatosha kwa kila kitu. Magunia ya dagaa pale Kibirizi ni mzigo, shehena iliyopakiwa melini ni mzigo, kifurushi kilichotumwa kwa basi ni mzigo, na begi la abiria nalo ni mzigo. Ukianza kuzungumza na mnunuzi wa Mpulungu, upande wa Zambia, ambako biashara huandikwa kwa Kiingereza, neno hilo linagawanyika. "Goods" ni bidhaa zenyewe unazouza. "Cargo" ni kilichobebwa na meli au lori. "Consignment" ni mzigo uliotumwa kwa pamoja kwa mpokeaji mmoja. "Parcel" ni kifurushi, na "luggage" ni mabegi ya msafiri. Ukimwandikia mteja kwamba "luggage" yake imefika, hatajua kuwa unazungumzia dagaa wake.

Na dagaa wenyewe? Zambia wanawaita "kapenta", kwa hiyo andika "dried kapenta" na mtaelewana mara moja. Kwa mnunuzi wa mbali zaidi andika "sun-dried freshwater sardines". Mawese ni "palm oil", lakini mafuta ya mise, yaani ya kiini cha mbegu ya mchikichi, ni "palm kernel oil". Hayo ni mafuta mawili tofauti yenye bei tofauti, kwa hiyo usiruke hilo neno la katikati.

Kwa maoni yangu, kinachomkwamisha mfanyabiashara si maneno magumu. Ni haya mepesi, ambayo Kiswahili kina moja na Kiingereza kina manne, au ambayo tumeyakopa zamani tukayapa maana yetu. Ndiyo maana sishauri kukariri orodha ya maneno 500 uliyoipata mtandaoni. Anza na karatasi zako mwenyewe: ankara, ujumbe wa wateja, maandishi kwenye mashine ya risiti.

Nunua kaunta buku. Kila siku chukua maneno 5, yasizidi, na kila neno liandike ndani ya sentensi unayoweza kuisema kesho kazini. Usiandike "deliver = kufikisha". Andika "We will deliver 40 jerrycans to the port on Friday", na pembeni yake maana ya Kiswahili: tutafikisha madumu 40 bandarini Ijumaa. Siku sita kwa wiki ni sentensi 30. Zirudie siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30, na kila mara funika Kiingereza, utazame maana ya Kiswahili, kisha useme kwa sauti. Wengi hukosea hapa: wanasoma kwa macho tu. Neno wanalitambua wakiliona, lakini simu ikiita halitoki mdomoni. Jirekodi kwenye simu kisha ujisikilize, hata kama sauti yako inakukera.

Sasa karatasi za biashara, maana hapa ndipo pesa hupotea. "Quotation" ni bei unayopewa kabla ya kukubali chochote. "Proforma invoice" inaonyesha mauzo yatakavyokuwa, na benki nyingi huitaka kabla ya kutuma malipo. "Purchase order" ni wewe kuagiza rasmi. "Invoice" ni dai la malipo. "Delivery note" inasainiwa mzigo ukipokelewa. "Receipt" ni uthibitisho kwamba umelipa, na ile "p" haitamkwi. Ukimwomba muuzaji "receipt" wakati bado hujalipa, atashangaa, na ukimwambia "send me invoice" ilhali unataka kujua bei tu, ataona umeshakubali kununua.

Katika "quotation" hiyo tafuta maneno mawili: "inclusive" na "exclusive". VAT ya kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Bei ya 1,000,000 "VAT exclusive" itakutoa 1,180,000. Ikiwa "VAT inclusive", ni 1,000,000 basi. Swali la kuuliza ni hili: "Is this price inclusive of VAT?"

Ukiagiza mashine ya kukamua mawese kutoka nje na ukaandikiwa "CIF Dar es Salaam", bei hiyo ina gharama ya mashine, bima na nauli ya meli hadi bandari ya Dar. Ushuru, wakala wa forodha na safari ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma ni juu yako. Herufi tatu tu, lakini zinaweza kula faida yote.

Kulipa na kulipia: kwetu kiambishi kinafanya kazi yote, Kiingereza kinatumia "for". "We paid the supplier", tumemlipa muuzaji. "We paid for the machine", tumelipia mashine. Na "equipment", "information", "software", "cargo" na "feedback" hazichukui "s" katika mazungumzo haya, hata kama sisi tuna vifaa na taarifa nyingi.

"Bei ya mwisho" isiwe "last price". Mtu wa Uingereza anaweza kuielewa kama bei ya safari iliyopita. Sema "What is your best price?" Na "pole" usiigeuze "sorry" peke yake: mzigo wa mteja ukichelewa njiani, "sorry" tupu inaweza kusikika kama umekiri kosa. "I'm sorry to hear that" ndiyo pole yetu.

Kwenye teknolojia, "mtandao unasumbua" ni malalamiko yasiyomsaidia fundi. Kama hakuna kabisa, "the network is down". Kama upo lakini unakatika, "the connection is unstable". Simu au kompyuta ikiganda, "it has frozen". Programu ikijifunga yenyewe, "the app crashed". "Update" ni kupata marekebisho ya kitu ulichonacho, na "upgrade" ni kuhamia daraja la juu, ambalo mara nyingi hulipiwa, kwa hiyo soma vizuri kabla ya kubonyeza. Laini ya simu ni "SIM card". "My line is lost" haieleweki. Katika kikao cha video, sentensi tatu zitakubeba: "You're on mute" (umezima maikrofoni), "You're breaking up" (sauti yako inakatikakatika), "Could you share your screen?" (tuonyeshe skrini yako).

Tarakimu zinastahili mazoezi ya peke yake. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "fifteen" tunaipigia mkazo mwanzoni na msikilizaji anasikia "fifty". Madumu 15 yanakuwa 50. Vuta "teen" kwa nguvu, kisha hakikisha: "fifteen, one five". Laki haina neno lake moja, kwa hiyo laki tatu ni "three hundred thousand".

Mwisho ni saa. Saa nne asubuhi ni "10 a.m.", kamwe si "four". Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, vilevile Bujumbura (Burundi) na Kalemie (Kongo), kwa hiyo andika zote mbili: "10 a.m. in Tanzania, 9 a.m. in Zambia". Tarehe nayo andika mwezi kwa herufi, maana "03/04" kwetu ni tarehe 3 Aprili, na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi.