Oili ya difu imebadilika rangi

Jamani, leo nimeshinda chini ya gari. Mikono bado inanuka oili.

Jana tulivuka mto, maji yakapanda hadi juu ya bampa. Injini haikuzima. Tukatokea ng'ambo, tukashangilia, safari ikaendelea.

Asubuhi nikafungua nati ya difu ya nyuma (lile boksi la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu), basi tu nijiridhishe. Yakatangulia maji matupu. Kisha ikafuata oili nzito, nyeupe kama maziwa, ikiteremka taratibu kwenye beseni.

Nilibaki nimelala pale chini naitazama. Roho iliniuma mno!

Fundi akanieleza: difu ikiwa ya moto halafu ikazama kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kwenye sili (mpira wa kuzuia oili isivuje) au kipumulio (kitundu cha kupitishia hewa). Yaani gari linanguruma vizuri kabisa, kumbe huko ndani beringi zinaanza kushika kutu.

Tumemwaga, tumesuuza kwa oili mpya, tumemwaga tena. Eya klina (chujio la hewa ya injini) ni kavu, yaani maji hayakuingia kwenye injini, namshukuru Mungu, maana maji yakijaa kwenye silinda hayagandamiziki; ukipiga stata unaweza kupinda konrodi (mkono wa chuma unaoshika pistoni).

Sasa wasiwasi wangu ni soketi za nyaya zilizo chini ya zulia. Nimezichomoa moja moja, bado zinatoa matone.

Mliowahi kupitia haya, mpira wa kipumulio cha difu mliupandisha hadi wapi? Na soketi mlizikausha kwa kutumia nini? Niambieni kabla sijarudishia viti 🙏