"Vizuri", halafu?

Fungua daftari lolote la hisabati la darasa la tatu. Utakuta wino mwekundu: tiki, tiki, kosa, tiki, kosa, na chini yake 6/10 na neno "Jitahidi". Ukurasa unaofuata ni 9/10, "Vizuri". Mtoto akisoma hapo anajua kama mwalimu ameridhika. Hajui kilichomridhisha ni kipi, wala hajui afanye nini kesho ili apate tena.

Tushike hesabu moja: 52 − 27. Mtoto ameandika 35. Wengi wetu tunapiga alama ya kosa na kusonga mbele. Ila huyu hakubahatisha. Kwenye mamoja ameona 2 na 7, akatoa kidogo kwenye kikubwa, akapata 5. Kwenye makumi ametoa 2 kwenye 5, akapata 3. Safu zake zimenyooka na kutoa anakujua. Kinachomkwamisha ni kimoja tu: hajui kuchukua kumi moja kwenye makumi na kuipeleka kwenye mamoja.

Sasa mwandikie hivi: "Umepanga makumi na mamoja mahali pake. Kwenye mamoja una 2, unatakiwa kutoa 7. Nyingine utazipata wapi?" Sentensi ya kwanza ni sifa, na ni ya kweli, kwa sababu inataja kitu alichokifanya. Ya pili inamwonyesha pa kutazama. Ya tatu inamwachia kazi yake. Halafu mpe dakika tano mwanzoni mwa kipindi kinachofuata arudie hesabu ileile chini ya maandishi yako. Dakika hizo tano ndizo zinazorukwa kila mara, na zikirukwa umeandika bure: mtoto atatazama 6, atafunga daftari, basi.

Alama nazo huyameza maneno. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti aliofanya kwa wanafunzi wa Israeli, wengine wakipewa alama, wengine maoni ya maandishi, wengine vyote viwili. Waliopanda na kubaki na hamu ya kazi ni wale wa maoni peke yake. Waliopewa vyote viwili hawakufaidika na yale maoni. Majaribio ya mwezi na mitihani ya muhula tutaendelea kuyapa alama, hilo halina mjadala. Zoezi la Jumanne asubuhi je, lina lazima gani ya kuwa na alama?

Najua jibu litakalokuja: darasa lina watoto 80. Ukimwandikia kila mmoja kwa dakika moja, hizo ni dakika 80, vipindi viwili kamili, na bado una madarasa mengine. Kwa hiyo usiwaandikie wote. Daftari 16 kwa siku, siku tano, umewamaliza 80 kwa wiki. Waliobaki wape tiki kama kawaida. Weka alama kwenye orodha ya mahudhurio kuonyesha nani amefikiwa, la sivyo utajikuta unawaandikia walewale wa dawati la mbele. Na kosa likijirudia kwenye daftari nyingi, acha kuandika, lifundishe upya ubaoni.

Kuna sifa inayoharibu: "Wewe kipanga!" Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa akili zao, wakipewa nafasi ya kuchagua, walikimbilia kazi nyepesi, na baada ya kushindwa mara moja walifanya vibaya kuliko waliosifiwa juhudi. Haishangazi. Kipanga akiuliza swali ataonekana hajui, na sifa yenyewe ya kuwa kipanga itakuwa imekwisha. Msifu kwa njia aliyoitumia: "Ulichora vijiti ulipokwama, ndiyo maana umepata." Neno "lakini" nalo ni la kuangaliwa. "Insha nzuri, lakini mwandiko mbaya" humwachia mtoto mwandiko mbaya tu.

Hadi hapa anayesema ni mwalimu peke yake, na mwalimu asiyesikia chochote kutoka kwa watoto atasifu asichokiona. Swali letu maarufu, "Mmeelewa?", lina jibu moja tu nchi nzima: "Ndiyooo!" Halipimi kitu. Badala yake kata karatasi ya A4 vipande vinane. Karatasi 10 zinatosha watoto 80. Dakika tatu kabla ya kengele kila mmoja aandike palipomtatiza, bila jina. Usitumie majani ya daftari zao, daftari linanunuliwa nyumbani.

Kwa shule nzima tuna sanduku la maoni na baraza. Sanduku hufa kwa sababu zinazojulikana: limetundikwa nje ya ofisi ya walimu, ufunguo anao mkuu wa shule peke yake, na hakuna anayesikia kilichosomwa. Lihamishie mahali watoto wanapopita bila kutazamwa. Weka kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu mlezi na mwingine kwa dada mkuu au kaka mkuu. Lifunguliwe siku ileile kila wiki, majibu yasomwe mstarini Jumatatu. Majibu ni ya aina tatu tu: tumefanya, tutafanya tarehe fulani, haiwezekani, na sababu ni hii. Hilo la tatu walimu huliogopa, kumbe watoto hulipokea vizuri kuliko kimya. Karatasi inayotaja kipigo, kushikwashikwa au njaa ya nyumbani haisomwi mstarini hata kidogo. Inakwenda kwa mwalimu mlezi siku hiyohiyo, na ikihitajika kwa ofisi ya ustawi wa jamii.

Baraza ni gumu zaidi, maana anayesimama anaonekana. Mwanafunzi akiuliza mbele ya walimu wote kwa nini maharage ni mepesi, jina lake linakaa kichwani mwa mtu hadi mwisho wa mwaka. Basi hoja ziwe za darasa, zisiwe za mtu. Kila darasa likae siku mbili kabla, lichague hoja tatu, ziandikwe, mwakilishi azisome kama zilivyo. Kikao kianze kwa majibu ya kikao kilichopita. Kwa Tanzania Bara hii si hisani: kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Na hayo maharage yatarudi kila baraza. Bandika ukutani kilo zilizoingia stoo mwezi huu na idadi ya wanaokula, uwaache wagawanye wenyewe. Ni hesabu ya darasa la nne.