Shakwe mwenye pete wa Igombe

Misimu mitatu niliwafukuzia shakwe wenye pete, na mara zote niliambulia patupu. Unaona kitu mguuni, unapiga hatua mbili, kundi zima linapaa na kwenda kutua kwenye jabali huko majini. Unarudi mjini na mchanga viatuni.

Sisemi wale shakwe wadogo wa miguu myekundu tunaowaona Mwanza mwaka mzima. Hawa ni wakubwa zaidi, mgongo mweusi tii, miguu ya manjano. Huzaliana Ufini na nchi za jirani, na baridi ikianza huko hushuka kusini, wengi wakaja kwenye maziwa yetu makuu, Victoria likiwemo. Watafiti wa kule huwavisha baadhi yao pete ya plastiki yenye herufi na namba kubwa, ili mtu aisome bila kumshika ndege. Mradi ndege mwenyewe akuruhusu kusogea.

Novemba ile nilibadilisha jambo moja tu: niliangalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, kwa hiyo mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, pakikosa dagaa, shakwe wafuate nini? Miaka yote hiyo nilikuwa nakwenda siku yangu ya mapumziko, iwe giza iwe mbalamwezi, halafu nalaumu bahati. Safari hii nilibadilishana zamu na mwenzangu kazini, nikapanda daladala ya kwanza ya Igombe, kwa wavuvi kando ya ziwa, nje ya mji wa Mwanza.

Vuli ilikuwa imenyesha usiku kucha. Wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu ya maji kama moshi wa tanuri la mkaa, na mbayuwayu wanawapita katikati, kwenda na kurudi. Mitumbwi ndiyo kwanza inaingia. Nikaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, darubini shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alikuwa akianika dagaa, ameinama, macho kwenye darubini yangu. "Mwanangu, wewe ni wa ushuru au wa uvuvi?"

Nikamwambia natazama ndege. Hakuamini hata kidogo. Nikanunua kopo mbili za dagaa ili nionekane mtu wa maana, nikatulia palepale. Nadhani hilo ndilo lililonisaidia: shakwe wamemzoea mama yule na ndoo zake, mtu aliyekaa karibu naye hawamjali. Hazikupita dakika ishirini, wakashuka kama kumi na tano kuokota dagaa waliomwagika. Mmoja alikuwa na pete mguu wa kushoto, hatua tano kutoka nilipokaa.

Pete hizi usomaji wake una kero. Maandishi husimama wima, na shakwe mwenyewe hatulii: anageuka, anaingiza mguu majini, anagombana na mwenzake. Nilipata alama tatu haraka. Ya nne ikawa ama 8 ama B, na hapo huwezi kubahatisha, maana ukikosea alama moja umetaja ndege mwingine kabisa. Nikaegesha kamera ya simu kwenye darubini, mkono unatetemeka. Picha sita za mwanzo ni mchanga mtupu. Kisha yule bwana akasimama kwa mguu mmoja, akainua ule wenye pete na kujikuna kidevu, taratibu kama mzee aliyeshiba. B!

Jioni nilituma barua pepe kwenye kituo cha uvishaji pete cha Makumbusho ya Historia Asilia kule Helsinki: tarehe, mahali, picha, rangi ya pete, mguu upi. Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Alivishwa pete akiwa kinda, hajajua kuruka, miaka sita nyuma. Kutoka Helsinki hadi Igombe, ukipiga mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 7,000, naye huivuka safari hiyo kwenda na kurudi.

Kipindi cha giza kilichofuata nilirudi kumwonyesha yule mama picha. Akafuta mikono kwenye kanga, akaishika simu, akaitazama kwa muda.

"Kwa hiyo huyu anatoka Ulaya?"

"Ndiyo, mama."

"Anakuja kula dagaa wangu."

"Ndiyo."

"Basi kama kweli wewe ni wa ushuru, anza na huyu."