Karafuu kwenye upanga

Jumamosi usiku, Okayama, Japani.

Leo nimekwenda Osafune, kwenye makumbusho ya panga, na nimerudi nanukia karafuu.

Osafune ni mji wa wahunzi wa jimbo la kale la Bizen. Upanga ulionishika miguu ni wa enzi ya Kamakura (1185–1333). Umelazwa mtupu, hauna mpini wala ala. Nikautazama nimesimama, nikaona chuma tu. Mzee mmoja pembeni yangu, mnoaji wa panga aliyestaafu, akaniashiria nichutame mpaka mwanga wa taa uteleze juu ya ubapa. Nikachutama. Kando ya makali pakajitokeza ukungu mweupe unaopanda na kushuka, una vichwa vya duara juu ya shingo nyembamba, vimesongamana.

"Choji," akasema. Nikatafuta kwenye simu: karafuu.

Mimi nimezaliwa Wete, Pemba. Nimekaa usiku mwingi juu ya jamvi nikichambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, hadi vidole vikaingia weusi. Umbo lile halikuhitaji kufafanuliwa.

Mzee akanieleza linavyopatikana. Mhunzi huupaka upanga udongo uliochanganywa na unga wa makaa, mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali. Huuchoma gizani ili asome rangi ya chuma kwa macho, kisha huutumbukiza majini. Makali hupoa ghafla yakawa magumu. Mgongo hupoa taratibu ukabaki na unyumbufu wake. Mpindo nao huja humohumo majini, chuma kikijivuta chenyewe. Wakati mwingine upanga hupasuka, na kazi ya wiki nzima imekwenda. Ule ukungu ni mpaka wa kigumu na laini, na mhunzi wa Bizen aliuchora karafuu kwa udongo kabla hajawasha moto. (Habari za chuma kukunjwa mara kumi na kitu naziacha. Kila mtu huanzia hapo, na ndizo zilizonichosha hata nikachelewa kuja.)

Baadaye akanionyesha matunzo kwa upanga wake mwenyewe. Akauinamia kwanza. Akaufuta kwa karatasi laini bila kusema neno, maana mate yakirukia chuma huleta kutu. Shina linaloingia kwenye mpini hakuligusa: kutu ya pale huachwa, ndiyo inayosaidia kujua umri. Akafungua kichupa cha mafuta ya kukinga kutu. Nayo yanaitwa choji. Siku hizi mengi ni mafuta ya madini yenye karafuu kidogo, lakini hicho kidogo kilitosha. Nikasikia ua wetu msimu wa kuanika.

Nilitaka kujivuna, kisha nikakumbuka kwamba katika hazina ya Shosoin, Nara, kuna karafuu zilizowekwa tangu karne ya 8, na asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku. Kwetu Pemba mikarafuu imekuja karne ya 19 tu. Wajapani wametutangulia miaka elfu moja.

Mzee akanipa ile karatasi aliyofutia. Iko mfuko wa koti. Nimempigia mama, nikamhadithia yote, udongo, giza, maji. Kanisikiliza kimya, halafu kaniuliza:

"Mwanangu, hayo mafuta ni ya karafuu yenyewe au ya makonyo?"

Sikumuuliza mzee.