Pikipiki inazima ukiingiza gia: jinsi nilivyoupata ubovu

Pikipiki yangu ilikuwa inawaka vizuri. Ukibonyeza stata inaitika mara moja, inatulia kwenye nyutro, ukipiga resi inapanda bila kukohoa. Kasheshe ilikuwa ukikamata klachi na kukanyaga gia ya kwanza: inazima papo hapo. Tena si kila mara. Asubuhi inakubali, mchana inakataa. Na ikikataa, unairudisha nyutro inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ubovu wa kuja na kuondoka ndio unaowafanya watu wanunue vipuri wasivyovihitaji, na kila niliyemweleza alikuwa na jibu lake: kabureta, plagi, koili, klachi. Nikaamua sibadilishi kitu chochote mpaka nijue kwanza kinachoizima.

Kilichonisaidia kuliko vyote hakikuhitaji hata spana. Nilikaa nikaangalia injini inakufaje, kwa sababu pikipiki inayozima wakati wa kuingiza gia haifi kwa namna moja.

Ikiruka mbele, kama inayotaka kuondoka, halafu ikazima kwa kishindo, klachi haiachii. Umeukamata mkono wa klachi mpaka mwisho, lakini ndani sahani bado zinashikana, injini inalazimika kuzungusha tairi ambalo umelifunga breki, inashindwa, inakufa. Ikizama polepole, mlio ukashuka, ikatetemeka ndipo ikazima, basi ni unyonge wa mzunguko wa chini: sailensa (kasi ya injini ikiwa imetulia bila resi) imewekwa ndogo mno, jeti ndogo ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha petroli ya mzunguko wa chini, imeziba, au kuna hewa inayoingilia pasipotakiwa. Klachi za pikipiki nyingi zimelowa ndani ya oili, na gia ikiingia, ile oili iliyo kati ya sahani inaburuta kidogo hata klachi ikiwa nzima. Injini yenye nguvu haisikii mzigo huo. Injini inayonguruma chini ya kiwango chake, ambacho kwa pikipiki nyingi ni karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika, unaiua.

Namna ya tatu ni kukatika. Hairuki, haitetemeki, mlio haushuki. Inanyamaza kama mtu aliyezungusha ufunguo. Huo ni umeme.

Yangu ilikuwa inakatika, ila kuna nyakati niliihisi ikisogea kidogo mbele kabla ya kunyamaza. Dalili mbili kwa pamoja zinachanganya, kwa hiyo nikaanza na ile rahisi kupima, yaani klachi.

Niliisimamisha kwenye stendi kubwa tairi la nyuma likawa hewani, injini imezimwa. Nikaingiza gia ya kwanza, nikamwomba mdogo wangu akamate klachi hadi igusane na mpini, mimi nikalizungusha tairi kwa mkono. Klachi ikiwa inaachia, tairi linazunguka kwa uzito kiasi lakini linakwenda. Letu lilikuwa linagoma, ukilisukuma unasikia injini nayo inataka kugeuka. Nikaenda kwenye mkono wa klachi. Ulikuwa unalegea mno: ulikuwa unafika karibu na nusu ya safari yake kabla kebo haijaanza kuvuta chochote. Pikipiki nyingi zinataka ulegevu wa kama milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono, basi. Kebo hurefuka kwa matumizi, na ikirefuka safari yote inaishia kwenye kula ulegevu badala ya kutenganisha sahani.

Kurekebisha ni kazi ndogo. Nililegeza ile nati ya duara iliyo kwenye mpini, nikaona haina tena pa kwenda, nikaisukuma ndani yote, kisha nikaanza upya chini kwenye injini ambako kebo inaishia. Pale nikavuta ulegevu mwingi, nikafunga nati yake ya kukazia, halafu nikamalizia juu kwa kipimo cha kidole. Usiuondoe ulegevu wote ukidhani unafanya vizuri zaidi. Kebo iliyokazwa sana huifanya klachi isikamate sawasawa, ikawa inateleza ukipanda mlima na sahani zinaungua.

Baada ya hapo tairi lilizunguka kwa vidole, na gia ikawa inaingia kimya, bila ule mlio wa chuma kugonga chuma. Kule kusogea mbele kukaisha kabisa. Lakini kuzima kukabaki palepale. Nilifurahi, kwa sababu sasa dalili ilikuwa moja, safi: kukatika.

Hapa inabidi nieleze mpangilio wenyewe, maana ukishauelewa huu, nusu ya kazi imekwisha. Pikipiki nyingi za kisasa zina swichi tatu zinazolinda uendeshaji: ya nyutro kwenye boksi la gia, ya klachi kwenye mpini, na ya stendi ya pembeni. Ukiwa nyutro, injini inaruhusiwa kuunguruma hata stendi ikiwa chini, kwa sababu swichi ya nyutro inaufungulia umeme njia. Ukiingiza gia, njia ya nyutro inafungwa sekunde hiyohiyo, na njia inayobaki ni moja tu, ya stendi. Stendi ikiwa juu na swichi yake ikipitisha umeme, safari inaendelea. Swichi isipopitisha, mtambo unaamini stendi iko chini, unakata moto. Ndiyo maana gia inasingiziwa: ubovu wenyewe ulikuwepo tangu mwanzo, ila nyutro ilikuwa inaufunika.

Kuna kipimo cha bure kinachotenganisha mambo haraka. Zima injini, pandisha stendi, ingiza gia ya kwanza, kamata klachi, bonyeza stata. Kwenye mpangilio kama wa pikipiki yangu, stata inatakiwa izunguke. Yangu kuna wakati ilizunguka na kuna wakati ilikaa kimya kabisa, na nikiirudisha nyutro inazunguka bila shida. Kwa hiyo betri haikuwa na kosa, wala plagi, wala kabureta. Angalia pia taa ya nyutro: ukiwa kwenye gia na taa ile ikawaka kila unapokamata klachi, kuna diodi ndogo (kidude kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu) kati ya nyaya za swichi hizo ambayo yawezekana imekufa. Kwangu taa ilikuwa na adabu zake.

Nikalala chini upande wa kushoto, kwenye mzizi wa stendi. Swichi yangu ni ya aina ya kidude kinachobonyezwa na stendi yenyewe, na pale palikuwa pamejaa tope lililokauka juu ya grisi. Kidude kilikuwa kinaingia, lakini kutoka kinajivuta. Nilikisugua kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa kidogo, nikafuta, nikapuliza spreyi ya kusafishia mawasiliano ya umeme, nikakibonyeza mara nyingi mpaka kikawa kinaruka chenyewe. Pikipiki zinazopita kwenye vumbi na maji huhitaji usafi huu hata kama haziumwi.

Kisha nikaufuata waya wa swichi mpaka kwenye soketi yake chini ya tangi. Nikaitoa soketi, na kwenye upande unaoelekea kwenye pikipiki nikaunganisha matundu mawili kwa kipande kifupi cha waya, nikauambia mtambo kwa nguvu kwamba stendi iko juu. Nikawasha, nikaingiza gia. Haikuzima. Nikarudia mpaka injini ikawa ya moto, wakati ambao ndiyo ilikuwa inanisumbua zaidi. Haikuzima. Swichi au waya wake, mmoja wao ndiye mwenye kosa.

Wengi wanaishia hapo. Wanafunga kile kipande cha waya kwa tepu na kuendelea na maisha. Mimi nilikitoa na ningemsihi yeyote akitoe. Stendi ikisahaulika chini, ukiinama kwenye kona ya kushoto inachimba barabara na kulinyanyua tairi. Swichi ile iliwekwa kwa sababu watu walianguka.

Nikachukua mita ya kupimia umeme, nikaiweka kwenye mlio wa kupima njia ya umeme, ncha zake kwenye soketi ya upande wa swichi. Mdogo wangu akawa anaishika stendi.

“Pandisha.”

Ikalia. Ohm, kipimo cha ukinzani wa umeme, haikufika hata moja, yaani swichi ni nzima.

“Shusha.”

Ikanyamaza, inavyotakiwa.

“Pandisha tena, halafu uitikise.”

“Kaka, imenyamaza!” Na stendi ilikuwa juu.

Nikamwambia asiguse kitu, nikaupapasa waya kwa vidole kuanzia kwenye swichi kwenda juu, nikiukunja sentimita kwa sentimita. Kila nilipofika kwenye kona ambapo waya unazunguka mzizi wa stendi, mlio unakatika na kurudi. Ngozi ya waya ilikuwa nzima, ungeiangalia usingeona kitu. Ila ukiibana, sehemu ile ilikuwa laini, haina mfupa ndani. Nikaipasua kwa wembe. Nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka kijani na karibu zote zimekatika. Zilizobaki zikigusana umeme unapita, zikiachana moto unakatika. Mtikisiko wa gia kuingia ulitosha kuziachanisha.

Ukikuta hali kama hii usiunge palepale. Kwanza, shaba iliyooza haishiki risasi ya kulehemu, inabidi ukate mpaka ukutane na shaba nyekundu inayong’aa. Pili, kiungo kilicholehemiwa kinakuwa kigumu, na kitu kigumu kikiwekwa mahali panapokunjwa kitavunjika tena. Kwa hiyo nilikata waya mbovu wote, nikaweka waya mpya mrefu wa unene uleule, mlaini, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Upande wa swichi nikauungia pembeni kabisa mwa kasha lake, pasipojikunja, na upande wa pili nikaupandisha mpaka chini ya fremu ambako hakuna kinachotembea. Kila kiungo nikakivalisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Kwenye kona ya stendi nikauachia waya ulegevu wa kutosha ili stendi ishuke mpaka mwisho bila kuuvuta, nikaufunga usiguse injini.

Mita ikalia bila kukatika hata tulipoitikisa stendi kwa makusudi. Soketi nikaipaka grisi ya umeme kidogo kuzuia maji, nikairudisha.

Bado nilitaka kujua kwa nini waya ule ufe wakati nyaya nyingine za pikipiki hiyohiyo ni nzima. Jibu lilikuwa kwenye springi. Niliipandisha stendi, nikaigonga kwa kiganja. Ikadunda, ikashuka kidogo na kurudi. Springi ilikuwa imechoka, kwa hiyo kila shimo la barabarani lilikuwa linaichezesha stendi na kuukunja waya palepale. Nikaweka springi mpya, nikatia grisi kwenye boliti ya mzizi, nikaikaza kiasi cha stendi kutembea bila kuyumba. Sasa ikipanda inagota kwenye kizuizi chake na kutulia, na pikipiki imepita kwenye barabara mbovu, kwenye mvua na kwenye jua kali bila kuzima tena nikiingiza gia.