Nehemia Alimpa Mfalme Muda

Masomo ya juma: Nehemia 2:1–8, Luka 14:28–30

Wapendwa katika Bwana,

Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, alipata habari mwezi wa Kisleu kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka. Akalia, akafunga, akaomba. Aliposimama mbele ya Mfalme Artashasta ilikuwa mwezi wa Nisani, miezi kama minne baadaye. Machozi yake tunayahubiri sana, kilichofuata tunakiruka. Mfalme alimuuliza safari itakuwa ya siku ngapi na atarudi lini, naye hakujibu "Mungu ndiye ajuaye". Alimpa muda. Kisha akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto Frati wampitishe, na nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa. Aliyejua hata jina la mtunza msitu alikuwa ameomba huku akihesabu, na lengo huwekwa hivyo.

"Nataka kumkaribia Mungu zaidi" ni hamu njema, lakini juma likiisha utajuaje kama umeitimiza? Lengo linataka tendo linaloonekana, kiasi, wakati na ukomo. Chukua usomaji wa Neno. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kwa siku, siku tano za juma, majuma 52 yanalimaliza lote, na kila juma zinabaki siku mbili za kufidia ulizokosa. Biblia nzima ina sura 1,189. Kuimaliza kwa mwaka ni zaidi ya sura tatu kila siku, bila kupumzika hata siku moja. Wapo wanaoweza. Ila aliyekuwa hasomi kabisa akianza na kiwango hicho, ni rahisi akwamie Mambo ya Walawi. Akikosa siku tatu anadaiwa sura kama kumi. Ya nne, deni na za siku hiyo ni 13. Anaona aibu, anaacha. Walawi tunawasingizia bure: kilichomwangusha ni mpango usioacha nafasi ya kuugua, kusafiri wala kuchoka. Ukikosa siku, endelea na sura ya leo. Deni lisubiri zile siku mbili.

Mjenzi wa mnara katika Luka 14 anaketi kwanza kuhesabu gharama, na gharama ya kwanza ya lengo lolote ni saa. Juma lina saa 168. Toa usingizi, kazi pamoja na njia ya kwenda na kurudi, ibada, watoto, kazi za nyumbani. Usikadirie kichwani, kwa juma moja andika saa zako zinakwenda wapi. Ukikuta una dakika 20 asubuhi, panga jambo la dakika 15. Kama hazipo, taja kabisa utakachoacha ili zipatikane. Malengo mapya mawili kwa wakati mmoja yanatosha, na kwa mwenye mtoto mchanga hata moja ni kubwa.

Pia tenga lililo lako na lililo la Mungu. "Ndugu yangu aokoke kabla ya Desemba" ni ombi, tena jema. Lengo ni kumtembelea mara moja kila majuma mawili na kumwombea kila Jumatano. Paulo alipanda, Apolo akatia maji, mwenye kukuza ni Mungu (1 Wakorintho 3:6). Anayetafuta kazi vilevile: kupeleka maombi matatu kila juma kumo mikononi mwake, jibu la mwajiri halimo. Ukivichanganya utajilaumu kwa kisichokuwa chako, au utamnung'unikia Mungu kwa ulichoweza kufanya mwenyewe. Na "Bwana akipenda" ya Yakobo 4:15 haifuti tarehe. Wafanyabiashara anaowataja Yakobo hapo wanakemewa kwa kujisifu kana kwamba kesho ni mali yao.

Ukuta wa Nehemia ulikwisha kwa siku 52, lakini ulipofika nusu ya kimo ndipo wabebaji walipolalamika kwamba nguvu zimewaishia na kifusi ni tele. Katikati pana uchovu wake: furaha ya kuanza imekwisha na mwisho hauonekani. Weka alama hapo, siku ya kupima ulipofika. Sanbalati na Geshemu, wapinzani wa ujenzi, nao walimwita Nehemia mara nne wakutane bonde la Ono, naye akawajibu vilevile kila mara, kwamba ana kazi kubwa na hawezi kushuka. Andaa jibu lako mapema kwa yule anayekupigia simu saa ileile.

Zoezi la juma hili ni kuandika sentensi moja ya namna hii: "Kuanzia Jumatatu, saa 12:00 asubuhi kabla ya kushika simu, nitasoma sura moja ya Marko, siku tano kwa juma, hadi nimalize zote 16." Hesabu yake inaishia Jumatatu ya juma la nne. Kila Jumapili jioni tia alama siku ulizosoma. Ukiona majuma mawili mfululizo hujafikisha hata siku tatu, punguza iwe nusu sura, na saa ibaki ileile.